Wa Kumi na Saba Tangu Nne Nukta Mbili

Saa nane na robo usiku Jeltje alinipigia simu kutoka Aldesyl,
kituo cha pampu nyuma ya tuta, kaskazini mwa Frisia,
mahali ambapo ng'ombe hulala chini ya usawa wa bahari
na hawajui.
"Pampu ya pili inawaka na kuzima, inawaka na kuzima,
kama mtu anayetafuta miwani gizani.
Ya kwanza inavuta vizuri. Programu ni ileile!"
"Nisomee skrini ya kwanza," nikamwambia.
Akasoma, meno yakigongana kwa baridi:
nne nukta mbili, kistari, kumi na saba, kistari,
tisa c tatu e moja f a.
Akanyamaza.
"Kisha?"
"Kisha kistari kingine. Kisha *chafu*."

Zamani majina haya tuliyatunga wenyewe.
Wiebren aliandika *mpya*. Kisha *mpya kabisa*.
Kisha, Ijumaa moja, *mpya, hii ndiyo yenyewe*,
na pampu tatu zikabeba jina moja na tabia tatu.
Ndipo nikaandika skripti ya mistari kumi na mmoja
ili jina lisitungwe tena, lizaliwe:
programu ijisomee daftari la mabadiliko,
irudi nyuma, mzazi kwa mzazi,
hadi ikute kigingi tulichokichomeka kwa makusudi,
ihesabu hatua, ichukue alama ya kidole,
ijitambulishe kama mtu mwenye kwao:
mimi ni wa kumi na saba tangu Nne Nukta Mbili,
ukinitilia shaka, nenda kaniulizie.

Na neno *chafu*, hilo nililiweka mimi.
Sikulikusudia liwe tusi.
Ni kusema tu: aliyeniunda alikuwa na jambo mkononi
ambalo hakuliandika daftarini.

Nikawasha taa ya jikoni, nikazifuata zile hatua.
Ya tatu: *kihisi cha pili kinadanganya*.
Ya tisa: *nimeondoa nilichoongeza jana*.
Ya kumi: *nimekirudisha, samahani*.
Ya kumi na saba, Alhamisi, tarehe nne Machi,
saa tano na dakika arobaini usiku:
*karibu*.
Basi. Baada ya hapo, weupe.
Jumatatu yake tulimzika Wiebren Postma,
na kompyuta yake, kwa utaratibu wa ofisi,
ikafutwa, ikapewa mtu wa mishahara.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Walioyasema hayo hawakutuambia
kata ikivunjika aulizwe nani.

"Weka sikio kwenye bomba la kwanza," nikasema. "Hesabu."
Nikasikia mvua, koti lake, kisha pumzi.
"Maji yamefika alama. Moja. Mbili."
Akaendelea.
"Tisa. Inangoja hadi tisa, ndipo inavuta."

Ndivyo alivyokuwa hata mezani:
ukimuuliza kitu, alimaliza kwanza kutafuna.
Wimbi dogo likigusa kihisi, liache lipite.
Likibaki, hayo ni maji.

Nikaandika mstari mmoja: ngoja sekunde tisa.
Penye mwandishi nikaweka Wiebren Postma.
Penye mwenye kuwasilisha, jina langu.
Daftari lina nafasi mbili, miaka yote lilikuwa nazo,
na miaka yote nilizijaza jina lilelile.

Saa kumi na moja alfajiri Jeltje akaisoma pampu ya pili:
nne nukta mbili, kistari, kumi na nane, kistari,
e sifuri b tano tano d mbili.
Akangoja. Nami nikangoja.
"Hakuna kingine," akasema. "Inavuta."

Ya kwanza hatukuigusa.
Huenda alibadilisha na jingine,
jambo lisilosikika kwa sikio la usiku mmoja.
Iko palepale, na kistari chake, na neno lake,
na kila mvua ikija
inahesabu kwanza.